Mshiriki na Mwenzake

Asubuhi ya siku ya kwanza, dada wa mapokezi alinivika shingoni utepe wenye kadi iliyoandikwa neno moja: MWENZA. Jina langu halikuwamo. Mke wangu, ambaye kadi yake ilibeba jina, cheo na taasisi, aliingia ukumbini na mkoba wake wa makabrasha. Mimi nikabaki kwenye korido za Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, AICC, nikisoma majina ya majengo yake matatu: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Mtu anaweza kukaa humo siku tano, akatoka Serengeti kwenda Ngorongoro kwa ngazi, akanywa chai Kilimanjaro, na arudi kwao bila kuuona hata mkia wa pundamilia.

Wengi hurudi hivyo. Wengine huondoka wawili, mshiriki mmoja na mtazamaji mmoja, kama sisi, na nyuma yao husikika maneno: hao wamekwenda kazini au wamekwenda kustarehe? Njia mbili, tunaambiwa, zilimshinda fisi. Nilikuwa na saa nyingi za kukaa bure, basi nikaanza kuutafuta ukoo wa safari hii ya watu wawili ambayo mmoja anaitwa na kazi na mwingine anaitwa na macho. Ukoo wenyewe ni mrefu, na tawi lake moja kubwa linaanzia kwenye behewa la treni.

Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, fundi wa fanicha na mhubiri wa Kibaptisti, aliwapakia watu wapatao 500 kwenye treni pale Leicester, Uingereza, akawapeleka Loughborough, mwendo wa kilomita 18 hivi. Nauli ilikuwa shilingi moja kwenda na kurudi. Hawakuwa wakienda kuangalia maporomoko wala makasri. Walikuwa wakienda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Lakini bendi ilipigwa, chai ikanywewa, na watu waliotoka kusikiliza hotuba za kuacha pombe wakarudi jioni wamefurahi kama waliotoka harusini. Cook alijifunza pale kwamba mtu akipewa sababu nzuri ya kutoka nyumbani, atatoka, na akishatoka atataka kuona kilichoko. Miaka 28 baadaye, mwaka 1869, alikuwa akipeleka watalii katika mto Nile. Kampuni iliyobeba jina lake ikawa mojawapo ya mawakala wakubwa wa utalii duniani. Kwa hiyo anayesema kwamba utalii umekuja kuiharibu mikutano amegeuza nasaba: katika habari hii mkutano ndio mzazi.

Kwetu hatukungoja treni. Katika karne ya 19, Wanyamwezi walioteremka pwani na pembe za ndovu mara nyingi walifuatana na wake zao. Wanawake hao walibeba vyungu, mikeka na chakula, wakapika kambini, na wapo waliochukua mizigo kwa ujira kama mpagazi mwingine yeyote. Msafara ulipofika Bagamoyo ulikaa, kwa kuwa bidhaa haziuzwi kwa siku moja wala mzigo wa kurudi nao haupatikani kwa siku moja. Katika kukaa huko watu wa bara waliiona bahari. Hakuna aliyewauliza kama wamekuja kikazi au kutembea. Swali lenyewe lingewashangaza.

Hija nayo ni shule ya jambo hili. Wanazuoni wamekubali tangu zamani kwamba haji anaweza kufanya biashara safarini bila ibada yake kuharibika, mradi nia iwe Hija. Na kwa mafundisho ya wengi wao mwanamke husafiri na mumewe au maharimu wake. Basi mzee wa Lamu au wa Unguja aliyepanda chombo na mkewe kwenda Jidda alikuwa na shughuli kuu, na pembeni yake akawa na shughuli ndogo, na kando yake akawa na mwenzake, yote kwa ruhusa ya dini. Sharti lilikuwa moja: usichanganye kipi kimekutoa nyumbani. Sharti hilo nitalirudia tukifika kwenye pesa.

Ulaya ya wafalme haikujali sana masharti ya namna hiyo. Mkutano wa Vienna, ulioanza mwaka 1814 na kwisha 1815, uliitishwa ili kuipanga upya ramani baada ya vita vya Napoleon. Wakuu walikuja na wake, mahawara, wapishi na mafundi wa nguo. Waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Castlereagh, alikwenda na mkewe Emily, na bibi huyo alizua minong'ono alipotokea kwenye dansi akiwa amejipamba kichwani kwa nishani ya mumewe, ile ya Garter, kama vile ni kipuli. Wachekeshaji wa mji wakasema mkutano unacheza ngoma lakini hausogei. Kejeli nzuri, ila si haki kamili. Ulisogea. Mengi ya makubaliano yake yalitengenezwa kwenye vyumba vya pembeni na katika karamu za usiku, ambako wenza walikuwapo na makatibu hawakuwapo.

Sasa upime na mkutano mwingine, uliokuwa na nidhamu kuliko huo. Tarehe 15 Novemba 1884 wajumbe wa nchi 14 walikaa Berlin kwa mwaliko wa Bismarck, kansela wa Ujerumani, wakamaliza tarehe 26 Februari 1885. Walizungumza juu ya Kongo, Niger na pwani za Afrika. Mwafrika hakuwamo hata mmoja, na waliowahi kuikanyaga nchi iliyokuwa ikizungumzwa walihesabika kwa vidole. Mpelelezi Stanley alikuwapo, akiushauri ujumbe wa Marekani. Huo ndio mkutano ambao mimi ningewalipia wajumbe wake nauli ya matembezi. Wangetoka, wakatembea, wakaonyeshwa miji, masoko na mashamba ya watu, labda kalamu zingekuwa nzito kidogo mikononi. Sidhani zingesimama, lakini mtu anayegawa nchi kwa ramani peke yake hana hata kisingizio cha kuwa aliiona.

Wanasayansi walikuwa tofauti, angalau katika kutembea. Chama cha Uingereza cha Maendeleo ya Sayansi kilifanya mkutano wake wa mwaka nje ya visiwa vyao kwa mara ya kwanza Montreal, mwaka huohuo wa 1884. Mwaka 1905 kikaja Afrika Kusini. Vikao viliendeshwa Cape Town na Johannesburg, kisha washiriki wakapanda treni kuelekea kaskazini hadi Mosi-oa-Tunya, maporomoko ambayo Livingstone aliyapa jina la malkia wake. Reli ilikuwa imefika hapo mwaka 1904, na hoteli ya kando ya maporomoko ilifunguliwa mwaka huohuo. Tarehe 12 Septemba 1905 rais wa chama, George Darwin, mwana wa yule Charles Darwin, alilifungua rasmi daraja la chuma juu ya korongo la Zambezi. Tazama jinsi mambo yalivyoingiliana: mtu wa hesabu za kupwa na kujaa kwa bahari, amekuja kuongoza mkutano, anaishia kuzindua daraja lililowekwa mahali ambapo abiria wa treni wataweza kurushiwa manyunyu ya maji. Na wenyeji walioyaita yale maporomoko moshi unaonguruma? Katika safari hizo walihesabiwa kuwa sehemu ya mandhari. Hilo ni doa la matembezi ya aina hii, na halijafutika lote hadi leo.

Enzi ya meli ilikuwa na sababu yake ya kuwafuatanisha watu. Safari ya mbali ilichukua miezi. Mume aliyealikwa mbali alikuwa na mawili, kumwacha mkewe kwa nusu mwaka au kwenda naye. Einstein alikwenda naye. Oktoba 1922 yeye na mkewe Elsa walipanda meli ya Kijapani bandarini Marseille, wakapita Colombo, Singapore, Hong Kong na Shanghai, na wakashuka Kobe katikati ya Novemba. Walikuwa bado majini ilipotangazwa kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel. Japani alitoa mihadhara mirefu mbele ya kumbi zilizofurika, na siku zilizobaki wakatembezwa kwenye mahekalu, bustani na majumba ya maonyesho mpaka mwisho wa Desemba. Shajara aliyoandika njiani ina fizikia kidogo sana. Ina chakula, muziki, watu, na pia hukumu za haraka na za kuudhi juu ya mataifa aliyoyapita, hasa Wachina. Msafiri mwerevu naye huona vibaya akipita mbio.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kwetu Afrika Mashariki. Januari 1947 mwanaakiolojia Louis Leakey aliitisha Nairobi Kongamano la kwanza la Afrika Nzima la Historia ya Kale. Yeye na mkewe Mary walikuwa wanandoa wa kazi moja. Miaka michache kabla, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walikuwa wameanza kuchimba Olorgesailie, kusini magharibi mwa Nairobi, mahali ambapo mamia ya mashoka ya mawe yametapakaa juu ya ardhi kana kwamba mafundi wake wamekwenda kunywa maji. Kwa ajili ya wageni wa kongamano pakajengwa njia ya mbao ya kupitia juu ya mashoka yale bila kuyakanyaga, na baadaye mahali hapo pakawa makumbusho. Wajumbe walisoma mada zao mjini, kisha wakabebwa kwa magari kwenda kuona: Olorgesailie, na Olduvai ng'ambo ya mpaka, Tanganyika.

Kilichotokea kwenye kongamano lile kinafaa kuandikwa kwenye kila barua ya mwaliko. Kwa zaidi ya miaka 20, tangu Raymond Dart alipotangaza mwaka 1925 fuvu la mtoto wa Taung, Afrika Kusini, wakubwa wa sayansi Ulaya walikuwa wakilikejeli na kuliita la sokwe. Wilfrid Le Gros Clark wa Oxford, kabla ya kufika Nairobi, alipitia kwanza Afrika Kusini akayashika mafuvu kwa mikono yake, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye kongamano alisimama akasema Dart na mwenzake Broom walikuwa sahihi: viumbe hawa ni wa ukoo wetu. Mjadala ulioshindikana kwenye majarida ulianza kugeuka kwa sababu profesa mmoja alipitia njia ndefu. Ingekuwa leo, mhasibu angemuuliza kwa nini tiketi yake haikwenda moja kwa moja.

Halafu ikaja ndege ya jeti. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet ya shirika la Uingereza, BOAC, iliondoka London na abiria wa kwanza wa kulipa nauli katika historia ya jeti, ikatua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg chini ya saa 24. Miezi ikawa siku. Na hapo ndipo mwenza alipobadilika. Zamani alifuatana kwa sababu kuachana kulikuwa kurefu mno. Sasa kuachana kukawa kwa juma moja tu, kwa hiyo kufuatana kukawa hiari, na jambo la hiari huulizwa sababu. Nadhani maneno yale ya nyuma ya mgongo, wamekwenda kazini au kustarehe, yana umri wa Comet.

Kuna bibi mmoja aliyelijibu swali hilo kwa kalamu. Mwaka 1960 UNESCO ilimtuma Julian Huxley, aliyewahi kuwa mkurugenzi mkuu wake, kuchunguza hali ya wanyamapori mashariki na katikati mwa Afrika. Alifuatana na mkewe Juliette. Mume alirudi na ripoti, na makala alizoandika kwenye gazeti la Observer mwezi Novemba ziliamsha watu hadi mwaka uliofuata kukaundwa mfuko wa WWF. Mke alirudi na kitabu, Wild Lives of Africa, kilichotoka mwaka 1963. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, ukafanyika mkutano Arusha juu ya hifadhi ya mazingira katika nchi mpya za Afrika, na hapo Mwalimu Nyerere akatoa tamko linaloitwa hadi leo Manifesto ya Arusha, akiahidi kwamba serikali itawalinda wanyamapori na akaomba wataalamu na fedha kutoka nje. Hifadhi zetu za leo, na gari la watalii lililopita mbele yangu asubuhi ile ya kadi, kwa sehemu ni matunda ya mikutano ya watu waliotoka nje ya ukumbi wakaangalia.

Mji ukishaonja wageni wa mikutano haurudi nyuma. Nairobi ilijenga KICC, mnara wa ghorofa 28 ambao mwanzoni ulikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Septemba 1973 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakafanya humo mkutano wao wa mwaka, wa kwanza katika ardhi ya Afrika. Robert McNamara, rais wa Benki hiyo, alihutubia juu ya umaskini uliokithiri na mkulima mdogo. Ilikuwa hotuba ya maana, ila mkulima mwenyewe alikuwa mbali, na mbuga ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, ilikuwa kilomita chache tu kutoka kwenye viti vyao. Sina shaka ni ipi ilipata wageni wengi zaidi wa KICC, kati ya simba wa mbugani na shamba la mkulima.

Julai 1985 jengo hilohilo lilipokea mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake, chini ya uenyekiti wa Margaret Kenyatta. Kwenye jukwaa la asasi za kiraia, Chuo Kikuu cha Nairobi, walifika zaidi ya watu 10,000, wengi wao wanawake. Miaka kumi na miwili tu nyuma mwanamke kwenye mkutano mkubwa alidhaniwa kwanza kuwa mke wa mjumbe. Mwaka 1985 yeye ndiye mjumbe. Kadi yangu ya MWENZA, basi, ilianza kuchapwa tangu pale.

Arusha kwa upande wake ilirithi majengo kwa msiba. Yalijengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mwaka 1978 ikaundwa AICC iyaendeshe. Vyumba vilivyokosa Jumuiya vikapata mikutano, kisha mahakama. Kuanzia mwaka 1995 hadi 2015 Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa katika mji huu, na mawakili na mashahidi na wakalimani walipishana kwenye mitaa ileile na madereva wa safari. Sijui mji mwingine ambamo kilio kikubwa hivyo na furaha ya watalii vimetumia mnara mmoja wa saa.

Sasa pesa. Hapa ndipo fisi alipopasuka msamba.

Marekani iliwahi kuwaachia wafanyabiashara wake mlango mpana: safari ya mkutano, popote, ilipunguza kodi. Mwaka 1976 sheria ikawabana, mikutano ya nje isizidi miwili kwa mwaka. Mwaka 1993 ikatoka sheria nyingine: gharama za mke au mume anayefuatana hazikubaliki tena, isipokuwa naye ni mwajiriwa na ana kazi ya kweli huko. Kwetu tuna msamiati wetu: masurufu, posho ya kujikimu, posho ya kikao, semina elekezi. Kila Mtanzania anamjua mtu aliyejenga nyumba kwa semina. Novemba 2015, siku chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alipiga marufuku safari za nje za watumishi wa umma bila kibali cha juu. Wako waliolalamika, na wako waliosema afadhali. Mimi nilikuwa wa afadhali, ingawa marufuku ya jumla humkamata mwizi na mtafiti kwa wavu mmoja.

Lakini kosa lililokuwa likitibiwa halikuwa kutembea. Lilikuwa kutembea kwa fedha za mwingine, au kwa saa za kikao. Wale wanazuoni wa Hija walikwisha kulitenganisha. Mshiriki aliyekaa vikao vyote, akaongeza siku mbili za likizo yake mwenyewe, na mwenzake akajilipia nauli, hajamwibia mtu. Ameongeza chumba cha hoteli, mafuta ya gari, chakula cha dereva, na kiingilio cha hifadhi kwenye mji ambao vinginevyo angeuona kupitia kioo cha basi la uwanja wa ndege. Wizara zetu zinaita hili utalii wa mikutano, na zinalitaka.

Kwenye hoteli yetu, ambayo sitaitaja, walijumlisha kifungua kinywa changu kwenye ankara ya taasisi ya mke wangu. Kiasi chenyewe ni cha kucheka. Alisimama dirishani robo saa nzima mpaka ikachapwa risiti mbili. Nilimwambia, "Mama, watu wanasubiri." Akanijibu, "Wasubiri. Risiti hii itasomwa na watu wasionifahamu."

Siku zile tatu za vikao nilizitumia peke yangu mjini. Boma la Wajerumani ni makumbusho ya viumbe na asili ya binadamu, unalimaliza kwa asubuhi moja. Makumbusho ya Azimio la Arusha, la mwaka 1967, ni madogo na hayana haraka. Nilikuwa mgeni pekee. Jioni nilimsimulia niliyoyaona, naye akanisimulia yaliyosemwa, na mara mbili aliandika kitu nilichosema kwenye daftari lake la mkutano. Ngorongoro tuliiacha. Kreta ile, yenye kina cha mita 600 hivi na sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260, inataka siku nzima na usiku mmoja Karatu, na sweta, kwa maana ukingo wake ni baridi kuliko wageni wanavyotegemea. Kwa mwenye siku moja, Hifadhi ya Arusha iko jirani, chini ya mlima Meru.

Tulikwenda Jumamosi, baada ya kikao cha kufunga. Tuliona mbega juu ya miti, twiga barabarani, na heroe kwenye maziwa ya Momela. Jumatatu alirejesha masurufu yake ofisini, yakiwa na viambatisho vyote. Risiti zangu hazikumhusu mhasibu: viingilio viwili, mafuta ya gari, na chai ya watu wawili.